Meza ya dirishani: shajara ya mradi wa lugha maktabani, Mtwara

Juni, wiki ya kwanza

Mpango ulikuwa Kiingereza. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili baadaye nisije nikajifanya nilijua.

Nilimpelekea mkutubi karatasi mbili nilizochapisha steshenari: watu wazima, mara mbili kwa wiki, bure, Kiingereza cha mwanzo, naomba meza moja na ubao. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akauliza swali moja tu: "Na kelele je, kaka?" Nikamwambia tutanong'ona. Akacheka. Hakuna aliyewahi kujifunza lugha kwa kunong'ona, naye analijua hilo kuliko mimi, lakini alinipa meza ya dirishani, ile inayochomwa na jua la alasiri ambayo wanafunzi huikwepa. Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro robo.

Sharti jingine lilitoka kwake: asilipishwe mtu, wala asiulizwe cheti. "Hapa mtu akiingia hatumuulizi aliishia darasa la ngapi." Nimeliandika kwenye jalada la kauntabuku la mahudhurio. Kisha nikafikiria kidogo, nikaondoa safu ya "elimu" niliyokuwa nimeichora.

Tangazo moja mlangoni, moja kwa mama lishe wa sokoni, moja kijiwe cha bodaboda.

Juni, wiki ya pili

Wamekuja tisa. Watano wameuliza kama Kireno kipo.

Nilidhani utani. Mama mmoja anayeuza vitenge akasema Kiingereza ni kizuri, wanawe watakijua, ila yeye anavuka mpaka wa Msumbiji kule Kilambo na huko Kiingereza hakimsaidii. Dereva wa Fuso aliyekuwa nyuma yake akaitikia. Kijana wa bodaboda alikuja kwa ajili ya Kiingereza cha wageni wanaokwenda kutazama majumba ya kale Mikindani, lakini alipoona upepo unakoelekea akasema naye atasikiliza tu.

Nikawauliza: kwani Palma, ng'ambo ya mpaka, hawaongei Kiswahili? Wanaongea, wakanijibu wote kwa pamoja. Pwani ya jimbo lao la Cabo Delgado ina Kimwani, ambacho Mswahili akituliza masikio anakishika nusu yake. Mmakonde akivuka Ruvuma anamkuta Mmakonde. Sokoni hukwami. Unakwama ofisini, ukishapewa fomu. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 ilikiacha Kireno kiwe lugha ya serikali, kwa hiyo karatasi ya forodha, ya hospitali, ya polisi na daftari la gesti vyote ni Kireno. Na ukishuka Pemba (mji mkuu wa Cabo Delgado, si kisiwa chetu) kwenda kusini zaidi, hata mdomo unaanza kukihitaji.

"Mwalimu, mdomo wangu unavuka," akasema mama wa vitenge. "Mkono ndio unabaki huku."

Nilikuwa karani wa wakala wa forodha kwa miaka kumi na moja. Kireno changu ni cha mihuri na visanduku. Shairi la Kireno silielewi, ila fomu naijaza nimefumba macho. Nikarudi kaunta kumweleza mkutubi kwamba mradi umebadilika kabla haujaanza. Akasema mradi wa kwanza alioona ukibadilishwa na watu wenyewe ulikuwa wa kushona, na huo ndio uliodumu.

Juni, wiki ya tatu

Vitabu. Kwenye rafu hakuna cha Kireno hata kimoja. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zipo, nyingine zimeachia mgongo. Sikushangaa.

Tumekubaliana kila mtu alete karatasi yoyote yenye Kireno aliyonayo nyumbani. Alhamisi meza ilijaa takataka: ganda la sabuni, karatasi ya maelezo kutoka ndani ya boksi la dawa, risiti, mfuko wa mbegu, tiketi ya basi (wao basi huliita *machimbombo*, na daladala huiita *chapa*), na fomu moja ya kuingilia nchini iliyokunjwa mara nne, ambayo mwenyewe aliharibu akaomba nyingine. Ile fomu iliyoharibika ndiyo kitabu chetu cha kiada. Nimepiga fotokopi ishirini.

Mahudhurio sita. Watu wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho.

Juni, wiki ya nne

Somo la kwanza la kweli. Nilipiga meza kwa kiganja: hii nini? Meza. Kwa Kireno? Kimya. Nikaandika ubaoni *mesa*. Wakanitazama kama mtu aliyewauzia mali yao wenyewe.

Nikaendelea: *lenço*, leso. *Bandeira*, bendera. *Cartas*, karata. *Fronha*, foronya. *Copo*, kopo. *Parafuso*, na hapo dereva wa Fuso akaruka: parafujo! Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na Waomani walipowang'oa Fort Jesus mwaka 1698 Wareno waliondoka, vyombo vyao tukabaki navyo majinani. Gereza ilitusimamisha kidogo, maana inatokana na *igreja*, yaani kanisa. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba ngome zao zilikuwa na kanisa ndani, na ngome hizohizo zikaja kuwa jela. Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela enzi za Waingereza. Mama wa vitenge akasema kwa hiyo ukitubu usipotubu unaingia humohumo.

Maneno hayakwenda upande mmoja tu. Shamba kwa Kireno cha Msumbiji ni *machamba*. Na mengine tumerithi sote kwa mzee mmoja: *açúcar* na sukari wote ni watoto wa Kiarabu.

Halafu kuna mitego. *Cama* ni kitanda. *Pato* ni bata, na nimeshuhudia mfanyabiashara mzima akilisoma neno hilo kwenye karatasi kwa matumaini makubwa.

Julai, wiki ya kwanza

Malalamiko yamefika kaunta. Wanafunzi wa kidato cha nne wanasema hawawezi kusoma wakati watu wazima wanaimba *um, dois, três* kama chekechea. Wana haki, nami nimemwambia mkutubi hivyo. Mtihani wao uko Novemba, wetu haupo.

Akanionyesha kwenye simu yake picha za maktaba za Helsinki, Finland, ambako wageni na wenyeji hukaa meza moja kwa saa kadhaa wakiongea tu lugha wanayojifunza. Wanaita mkahawa wa lugha. Na maktaba za Queens, New York, ambako mpango wa kuwahudumia wahamiaji ulianza mwaka 1977, hufundisha watu wazima Kiingereza bure. Nikamwambia Helsinki wana vyumba vya vioo. Akanijibu: "Nasi tuna mwarobaini."

Basi utaratibu mpya: kusoma na kuandika ndani, mezani, kimya. Kuongea nje, chini ya mwarobaini, kwenye viti vya plastiki na birika la kahawa. Kahawa nachangia mimi, kashata anachangia nani hajulikani lakini hazikosekani. Nilichokiona siku ya kwanza: watu walioinamisha vichwa ndani, nje walianza kukatizana. Mtu mzima akikosea barazani ni mazungumzo. Akikosea darasani anarudi kuwa mtoto, na wengi wetu shule tulitoka tukiwa na alama za fimbo.

Julai, wiki ya tatu

Wiki nzima juu ya saa. Sikupanga.

Ilianza kwa kijana anayesafirisha betri na vipuri. Alipiga simu kwa mtu wa Palma, wakaafikiana gari la mzigo litaondoka *às três*. Tatu ni tatu. Akawa kituoni saa tatu asubuhi, akakaa juu ya boksi zake mpaka saa tisa alasiri, maana *três* ya Kireno ni saa tisa yetu. Saa sita nzima juani, na gari lilipokuja dereva akampongeza kwa kuwahi.

Nilikuwa nimewafundisha namba bila kuwafundisha kwamba siku ya Mreno inaanza usiku wa manane na yetu inaanza jua likichomoza. Kosa ni langu. Nikachora uso wa saa ubaoni, nikawaambia waangalie mkia wa mshale: ng'ambo ya tatu kuna tisa, ng'ambo ya moja kuna saba. Kila mtu akatoa simu yake. Lakini kwenye karatasi rasmi hawaandiki tatu, wanaandika 15h, kwa hiyo kuna hesabu nyingine tena. Mama wa vitenge alikataa hesabu zote mbili. Yeye, akasema, atauliza tu: jua likiwa wapi? Nikamfundisha kuuliza hivyo.

Nikadhani siku zitakuwa nafuu. Wareno nao huhesabu siku kama sisi: *segunda* ya pili, *terça* ya tatu, *quarta* ya nne, *quinta* ya tano, *sexta* ya sita. Wanafunzi wakafurahi, wakaandika *terça*, Jumatatu. Hapana. Wao mosi yao ni Jumapili, sisi mosi yetu ni Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa. Kwa hiyo Jumatatu ni *segunda*, Jumanne ni *terça*, Jumatano ni *quarta*. Tumepishana siku moja.

Akanyoosha mkono mzee mmoja aliyekuwa akija kukaa bila kuandikisha jina. "Na Alhamisi?" Alhamisi ni *quinta*, ya tano. "Hapo wamepatana na Waarabu," akasema, "maana *khamsa* ni tano." Ni kweli: neno Alhamisi lenyewe linamaanisha ya tano, kwa kuhesabu tangu Jumapili. Kumbe juma letu lina tano mbili, Jumatano ya Kibantu na Alhamisi ya Kiarabu, zimekaa bega kwa bega miaka yote na sijawahi kujiuliza. Nusu saa iliyobaki hatukusoma Kireno kabisa.

Agosti, wiki ya kwanza

Yule mzee nimemwandikisha. Alizaliwa upande wa Mueda, Msumbiji, akavushwa Ruvuma na mama yake akiwa mdogo wakati wa vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1964. Kusoma Kiswahili alijifunza ukubwani, chini ya mkorosho, kwenye kampeni ya kisomo: Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kireno alikisikia kwa askari na wamisionari tu, hakukiandika kamwe.

Nilidhani amekuja kujifunza. Alikuja na watoto wa dada yake, wanaume wawili na mwanamke mmoja, waliohama kutoka Cabo Delgado baada ya machafuko yaliyoanza huko mwaka 2017. Hao Kireno wamekisoma shuleni. Kiswahili wanakisikia, wanakiongea kidogo, kukiandika hawawezi. "Nyinyi mnataka chao," akaniambia. "Wao wanataka chenu. Kwa nini wewe ndiye unayechoka, mwanangu?"

Nimeandika swali lake kama lilivyo. Sikuwa na jibu la maana.

Agosti, wiki ya pili

Sasa mezani kuna viti viwiliviwili: mmoja wa huku, mmoja wa kule. Robo saa Kireno, robo saa Kiswahili, kisha nje. Mimi nimebaki na fomu na chaki.

Kitu ambacho sikukitarajia: wakikwama hawanigeukii mimi. Wanaingia Kimakonde. Wa Newala wanasema Chimakonde, wa Mueda wanasema Shimakonde, wanataniana kuhusu nani anaongea vibaya, lakini daraja limesimama, na ni la zamani kuliko Daraja la Umoja la Mtambaswala, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010. Kijana wa bodaboda, ambaye ni Mmwera wa Lindi, analalamika kwamba amekuja kujifunza lugha moja anapewa mbili. Hata hivyo haachi kuja.

Wenzetu wa kule hawasumbuliwi na ngeli. Kitabu changu, vitabu vyangu, wanazo hizo kwao. Wanasumbuliwa na herufi. Sauti ya *sh* wamezoea kuiandika *x*, kwa hiyo daftarini nimesoma *xamba*, *xule*, na *xikamoo*. Nimewaambia wasifute, waandike ya pili pembeni. Daftari lenye kuonyesha ulikotoka linafaa zaidi kuliko safi.

Agosti, wiki ya nne

Ajali ya *apelido*.

Kisanduku cha kwanza kwenye fomu ni *nome*, cha pili ni *apelido*. Mwanafunzi mmoja, mwenye bidii kuliko wote, alikuwa akijisomea nyumbani kwa programu ya simu. Programu nyingi za Kireno hufundisha Kireno cha Brazil, na Brazil *apelido* ni jina la utani. Msumbiji na Ureno ni jina la ukoo. Kwa hiyo fomuni, mahali pa ukoo, ameandika kwa herufi kubwa jina analoitwa kijiweni. Silitaji, lina uhusiano na pweza.

Bahati ilikuwa fomu ya mazoezi. Lakini imefungua jambo zito: jina la ukoo letu ni lipi? Mtanzania ana lake, la baba na la babu. Wengine pasipoti inasema hivi na cheti cha kuzaliwa kinasema vile. Tumekubaliana andika kama pasipoti ilivyoandika, herufi kwa herufi, hata kama inakuudhi. Nimewapa orodha ya maneno ya Brazil wasiyoyahitaji: treni si *trem*, ni *comboio*, basi si *ônibus*, ni *autocarro*, na mitaani, kama tiketi yetu inavyoshuhudia, *machimbombo*.

Septemba, wiki ya pili

Umeme umekatika Jumanne nzima, feni zimesimama, tumekaa nje tangu mwanzo. Wanafunzi wa kidato cha nne nao wametoka. Wawili wakavuta viti. Mmoja, yule aliyeongoza malalamiko, amesahihisha tahajia ya Kiswahili ya mpwa wa mzee kwa upole ambao sikuutegemea.

Somo lilikuwa bei. *Quanto custa?* Kisha *caro*, ghali, na *carro*, gari. R moja na r mbili. Kwa Mmakonde r yenyewe ni mgeni anayekaribishwa kwa taabu, ulimi unapenda l, kwa hiyo neno la ghali na neno la gari yanatoka kinywani kama kitu kimoja. Nikaeleza tofauti mara tatu. Mzee akanisimamisha: "Kwa Kiswahili pia, mwanangu. Gari, ghali. Sisi tangu zamani tunasema gali ni gali, na watu wanatuelewa, maana ni kweli." Ubao nilifuta.

Jingine: mwanamume hushukuru kwa *obrigado*, mwanamke kwa *obrigada*. Anayebadilika ni msemaji, hata kama anayeshukuriwa ni nani. Dereva wa Fuso alikuwa amejifunza kwa mpwa wa kike wa mzee, na kwa wiki tatu amekuwa akishukuru maaskari wa mpakani kama bibi harusi. Anasema walikuwa wanamtabasamia sana, akadhani ni adabu yake.

Septemba, wiki ya nne

Mkutubi ameomba ripoti ya ukurasa mmoja. Nimejaribu kuandika wangapi "wamehitimu". Hakuna aliyehitimu. Nimeandika badala yake: walioandikishwa 23, wanaokuja mara nyingi 11, kadi mpya za uanachama 7, na kwamba watu wanne ambao hawakuwahi kuazima kitabu sasa wanaazima, wawili kati yao hadithi za watoto za Kiswahili. Mmoja aliniambia anasoma na mtoto wake wa darasa la pili, na mtoto ndiye mwalimu. Hiyo sikuiweka kwenye ripoti. Ningeweka, mwenyewe angejulikana.

Kabati dogo tumepewa. Ufunguo mmoja, kwa hiyo tayari kuna ugomvi.

Oktoba, wiki ya pili

Korosho zimeanza kudondoka. Wamekuja wanne. Sikuwalaumu, hakuna lugha inayoshindana na msimu. Mwakani nitaanza Februari nifunge Septemba. Hili nililijua kabla sijachapisha zile karatasi mbili, mimi mtoto wa Mtwara, na bado nikapanga kama mtu anayeishi mahali pasipo na mkorosho.

Oktoba, wiki ya nne

Mama wa vitenge amerudi kutoka Pemba. Hakusalimu vizuri, amekuja moja kwa moja mezani akafungua pochi, akatoa nakala ya fomu yake. *Nome, apelido, data de nascimento, profissão*. Amejaza mwenyewe, yote. Kwenye tarehe ya kuzaliwa amegeuza mwezi na siku, karani wa kule akamzungushia kwa kalamu nyekundu, akarekebisha palepale. Mzee aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma kila kisanduku kwa sauti, ndani ya maktaba, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kisha mama akasema ana jambo. Huko alimkuta mwanamke wa Tandahimba hospitalini na mtoto, hawezi kueleza mtoto anaumwa wapi. Anataka tusome maneno ya hospitali: *dor* (maumivu), *febre* (homa), tumbo, kuhara, tangu lini. Hajali kama ni msimu.

Nimeandika ubaoni: *Hospitali. Terça-feira, 16h.* Chini yake, kwa mabano, nikaongeza: Jumanne, saa kumi. Mzee akainuka, akachukua dasta, akafuta yale ya kwenye mabano.

Nimemwomba mkutubi atuwekee viti Jumatatu pia.